Kichwa Changu Mbele ya Waholanzi

Plovdiv,
Jumapili, 14 Septemba

Kwako Kaka Lazar,

Anayekusalimu hapa ni mtu ambaye kwa kutikisa kichwa tu, bila kufungua mdomo, alimuuzia Mholanzi lifti ya ghorofa kumi kwa ajili ya nyumba ya ghorofa mbili, na Mholanzi akatuma maua ya shukrani. Najua utasema kampuni yetu inauza vipuri vya lifti, haiuzi lifti. Ndiyo maana nakwambia mimi ni hatari. Kuanzia Mto Danube hadi mpaka wa Ugiriki hajazaliwa kijana wa kunishinda kuongea na watu, na siku akizaliwa atakuja darasani kwangu Jumanne saa tatu asubuhi, akae kiti cha nyuma, anyamaze, ajifunze.

Baada ya kujitambulisha hivyo, nauliza hali. Hujambo wewe? Goti la Bibi Stoyna limepata nafuu, au bado analitumia kutabiri mvua? Na yule mbuzi aliyekula kofia yangu Pasaka, bado yupo, au mmeshamgeuza supu? Mimi nampendekezea supu. Kalina hajambo? Mwambie kama bado hajabadili mawazo kuhusu kuolewa na mtu mwenye uso kama mlango wa ghala, basi huyo ni mwanamke wa subira na ninampa heshima yangu yote. Mimi ni mzima wa afya, nakula vizuri, na kile kikohozi cha masika kimeniacha. Kitu kimoja tu: siku hizi sipandi lifti. Napanda ngazi hadi ghorofa ya sita, asubuhi na mchana. Wenzangu ofisini wanadhani natafuta misuli ya kuwatia wasichana wazimu. Nimewaacha wadhani hivyo.

Kifurushi chako nimekipata. Ile chupa ya lyutenitsa, rojo yenu ya pilipili na nyanya, niliimaliza siku hiyohiyo, nimesimama jikoni, kwa mkate na kidole, kama mtu aliyeachiliwa kutoka kifungoni. Pilipili za mwaka huu ni kali kuliko za mwaka jana, au ni ulimi wangu umelainika kwa kuongea Kiingereza. Chini ya chupa nikakuta barua yako, na ndani ya barua, swali lako.

Umeniomba niwe kum wako. Nisimame nyuma yenu kanisani mwezi ujao, niwashikie mataji, na baadaye niwe baba wa ubatizo wa watoto wenu wote, mwenye uso wako na mwenye uso wa Kalina, Mungu awape zaidi wa Kalina. Mtu ana kum mmoja maisha yake yote, na wewe una binamu saba na marafiki wa jeshini, ukawaruka wote ukaja kwangu. Ukaandika kwamba nisikujibu kwa simu, maana mimi nikianza kuongea kwenye simu mtu hukata akiwa hajui ameahidiwa nini. Tena nisije huko nikajibu kwa kichwa, "maana kichwa chako, dogo, Ulaya nzima inakijua." Ukataka maandishi. Nilicheka, Kaka. Kisha nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, na barua hii nimeianza mara nne.

Kabla ya jibu, habari za ofisini. Najua Kalina ndiye atakayeisoma barua hii kwa sauti mezani, kwa sababu wewe miwani yako huipotezi, unaificha, na Bibi atakuwa anasikiliza huku anachambua maharage. Wao hawakuwepo. Kwa hiyo niruhusu nieleze kuanzia mwanzo, hata yale unayoyajua, na wewe usigunegune.

Kalina, hadithi inaanza na vichwa vyetu. Wewe na mimi na Bibi, kama Wabulgaria wote, tukikubali jambo tunatikisa kichwa kulia na kushoto, na tukikataa tunakiinua juu, basi, dunia inaendelea. Waholanzi ni kinyume. Mholanzi anauliza kwenye kamera kama breki zake zitafika Alhamisi. Jamaa yetu wa dawati la pili anamwambia ndiyo kwa mdomo, na kichwa kinaenda kulia na kushoto kwa furaha. Mholanzi anaona kichwa, hasikii mdomo. Anajisemea, huyu ananidanganya waziwazi. Wateja wawili walituhama kwa sababu hiyo. Ndipo wakubwa wa huko wakamleta Bi Marijke, mwanamke mrefu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, aje atufundishe mawasiliano ya kazini, ya mdomo na ya mwili.

Wiki mbili, Kalina! Alituambia mteja husikiliza kwa macho kwanza, masikio baadaye. Mtazame machoni, hesabu moja hadi tatu, kisha pumzisha macho usimtishe. Mikono juu ya meza, viganja vionekane. Usikunje mikono kifuani, hilo ni lango lililofungwa. Rudia maneno ya mteja kabla ya kujibu, ajue umemsikia. Shusha sauti mwishoni mwa sentensi, maana sauti inayopanda ni ya mtu anayeomba. Usisitesite. Halafu kichwa: juu na chini ni ndiyo, kulia na kushoto ni hapana. Alichora kichwa kikubwa ubaoni kwa mishale, na tukakaa watu wazima ishirini na wawili tunajifunza kusema ndiyo.

Ilikuwa vichekesho. Mhasibu aliumia shingo akavaa kola ya hospitali wiki nzima. Kule kantini Shangazi Veska aliniuliza kama aniongeze supu ya utumbo, nami nikamjibu Kiholanzi, juu na chini, akabeba sufuria akaondoka. Nikamwita, akanigeukia na upawa mkononi. "Ukishiba sema umeshiba," akanifokea, "usinichezee shingo hapa kama farasi anayefukuza nzi!" Siku tatu nilikula bakuli moja moja. Lakini nilijifunza. Siku ya nne kichwa changu kilikuwa kina swichi: nikiangalia kamera ni Mholanzi, nikigeuka kwa Veska ni mtoto wa Plovdiv. Bi Marijke alinisimamisha mbele akasema hajawahi kuona mtu anayejifunza haraka hivyo. Mimi, Kaka! Mimi niliyeacha shule ya ufundi darasa la kumi, niliyefukuzwa kituo cha mafuta kwa kupiga soga na madereva hadi foleni ikafika barabarani, niliyefukuzwa kiwanda cha mafuta ya alizeti kwa kuimba kwenye kipaza sauti cha dharura. Nilipewa cheti chenye muhuri. Mama amekitundika juu ya friji.

Na mume wako mtarajiwa, Kalina, unajua alifanya nini? Alikaa nyuma wiki zote mbili, mikono imekunjwa kifuani, macho mezani. Bi Marijke akamwomba kwa upole ajaribu kutikisa kichwa chini. Kaka Lazar akamjibu, "Mama, kichwa hiki nimekitumia miaka thelathini na nne, hakijawahi kurudishwa kiwandani." Ofisi nzima ilianguka kwa kicheko. Bi Marijke hakuelewa, mimi ndiye nilimtafsiria, naye akaandika kitu kwenye daftari. Baadaye nilichungulia. Aliandika: mwili uliofungwa.

Lakini michoro ya lifti, hakuna aliyeijua kama yeye. Miaka kumi na moja hapo. Alikuwa anaangalia mchoro wa breki dakika mbili, anakuna sikio, anakwambia hii haibebi, hii inabeba, hii ilichorwa na mlevi. Ndiye aliyeniingiza kazini. Alimwambia mkurugenzi, Bwana Karajov, amchukue huyu dogo, ulimi wake utafaa, na michoro ataiangalia yeye. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu tangu siku ya kwanza: mimi naongea, yeye anaangalia. Nisithibitishe kitu kwa mteja kabla hajakiona. Alinikumbusha hilo karibu kila asubuhi. "Ongea mpaka ulimi ukauke, Radko, lakini usimwambie ndiyo kabla sijakuna sikio."

Sasa, siku moja mwezi wa tatu, Kaka Lazar alikuwa kwa daktari wa meno kung'oa jego. Kwenye kamera akaja mteja anayetengeneza lifti ya nyumba ya wazee, anataka breki, ana mchoro, ana haraka. Akaniuliza kama breki ya namba fulani inafaa kwa uzito ule. Mimi sikujua. Nikimwambia asubiri, nitaonekana nasitasita. Nikamtazama machoni, moja, mbili, tatu. Viganja juu ya meza. Nikarudia maneno yake yote kama kasisi. Kisha nikasema ndiyo, na kichwa kikashuka na kupanda vizuri mno, laiti mngekiona. Mholanzi akatabasamu, akasema ni raha kufanya kazi na watu wanaojiamini. Kwenye fomu kuna kisanduku kinachouliza nani ameangalia mchoro. Nikaandika Lazar. Sote tulikuwa tunaandika Lazar tukibanwa, kisha tunamwonyesha baadaye. Mimi baadaye sikumwonyesha. Alirudi shavu limevimba, hawezi kuongea, nikamhurumia, au nilijiambia namhurumia.

Siku tisa baadaye lifti ile ilikwama. Haikuanguka, tumshukuru Mungu. Ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na ndani yake mlikuwa na bibi wa miaka themanini na mmoja, na sahani ya keki anayompelekea jirani yake. Alikaa humo saa tatu na dakika kumi. Ripoti niliisoma yote. Ilisema alibonyeza kengele mara arobaini, na kila mara sauti iliyorekodiwa ilimjibu kwamba tunakusikia, tafadhali tulia. Mara arobaini, Kaka. Alipotolewa, keki ilikuwa bado nzima mkononi, hakuwa ameila wala kuiweka chini. Sijui kwa nini hilo la keki ndilo linalonijia nikiwa kwenye ngazi.

Basi kikaitwa kikao. Waholanzi watatu kwenye skrini ukutani, Bi Marijke pembeni, Bwana Karajov kichwani mwa meza, mimi na Kaka Lazar tukikabiliana. Wakamuuliza Kaka kama aliangalia mchoro ule. Akasema hakuuona. Alisema neno hilo moja tu, mikono kifuani, macho kwenye meza, kama anavyosema kila kitu, hata kwamba chai ni tamu. Wakageuka kwangu. Bwana Karajov akauliza kwa Kiingereza, ili skrini isikie: je, Lazar aliangalia mchoro na kuidhinisha kabla hujamjibu mteja?

Sikusema neno. Nilitikisa kichwa, juu na chini.

Kaka akaona kichwa changu, akaona hapana. Mabega yake yakashuka, akatabasamu, na mwenyewe unajua anatabasamu mara ngapi kwa mwaka. Waholanzi wakaona ndiyo, na wakamwona mtu aliyethibitishiwa kosa anacheka. Kikao kikaisha kwa dakika kumi. Kwenye maegesho Kaka alinipiga bega karibu ling'oke, akasema, "Umenisimamia, dogo." Kesho yake asubuhi akapewa barua ya kufukuzwa, miaka kumi na moja kwenye karatasi moja.

Nyie mnajua kilichofuata, kwa sababu hiyo ndiyo hadithi inayochekesha kijiji kizima. Kaka mwenyewe ndiye aliyeigundua. Alirudi na boksi lake la vitu mkononi, akanikuta kwenye ngazi, akakiangalia kichwa changu, kisha akaanza kucheka hadi machozi. "Kichwa chako, punda wewe! Ulikataa kwa Kibulgaria mbele ya Waholanzi! Wiki mbili za mafunzo, na siku moja iliyokuwa na maana ukasahau!" Akaniuliza mbona sikutumia mdomo. Nikamwambia koo lilikauka. Nikamwambia samahani, Kaka, walikisoma kinyume. Akanikumbatia pale pale. Akasema usilie, mpumbavu, nilikuwa nataka kurudi kwenye miti yangu ya plamu tangu zamani, umeniondolea kazi ya kuandika barua ya kuacha. Nami nilikuwa nalia kweli, hilo halikuwa la mafunzo.

Alitaka kurudi kwa Karajov kuelezea. Nikamwambia nimeshajaribu, hawasikii, Waholanzi wameshafunga faili. Akaamini. Yeye huniamini upesi, ni ugonjwa wake wa miaka mingi.

Tangu hapo, Kaka, hadithi hiyo haiishi. Bi Marijke aliisikia akaipenda mno. Ameiweka kwenye mafunzo. Kila Jumanne mbele ya wapya mimi ndiye ninayeisimulia, maana sasa mimi ni mkufunzi wa mawasiliano, nina kiti kinachozunguka na jina mlangoni. Natikisa kichwa, juu, chini, wanacheka. Naigiza uso wako, wanacheka zaidi. Halafu nawaambia kwa sauti iliyoshuka: hivi ndivyo mwili unavyoweza kumfukuzisha kazi mtu asiye na hatia. Wanaandika. Kuna binti mmoja aliuliza kama yule bwana alinisamehe, nikamtazama machoni moja, mbili, tatu, nikamwambia ndiyo, ni kaka yangu. Wakapiga makofi. Saa nne na nusu natoka, nasimama mbele ya lifti, mlango unafunguka, na mimi naelekea kwenye ngazi.

Nyumbani nako siponi. Mama akiniuliza kama nimekula, kichwa kinasimama katikati hakijui kiende wapi. Juzi shingo iliniganda kabisa mbele ya muuza magazeti, akaniuliza kama naumwa kiharusi. Kichwa bora kuliko vyote Plovdiv, na mwenyewe hajui tena kipi ni chake.

Na sasa barua yako inasema, baada ya mataji, tukishakaa mezani na rakia imemiminwa, kum atasimama na kuwahadithia wageni mia na hamsini kisa cha kichwa, "maana hakuna anayekisimulia kama wewe." Wanasubiri. Mjomba ameshaanza kukicheka kabla hajakisikia.

Kalina, kama bado unasoma kwa sauti, simama hapa. Mpe Kaka hii karatasi, mtafutie miwani, ipo ndani ya buti lake la kushoto, huwa anaiweka humo.

Hapana. Soma kwa sauti. Wote walicheka, basi wote wasikie.

Kaka, wewe ulidhani nilisahau mafunzo. Mtu aliyekuwa na swichi kichwani angesahau vipi? Usiku mmoja tu kabla ya kikao niliwaza, nikikitikisa hivi, Lazar ataona hiki na wao wataona kile, na mimi sitakuwa nimesema kitu. Nilikuwa nimelipanga. Lakini hata hilo ungeweza kunisamehe. Ungesema dogo aliogopa, kichwa kilimponyoka, bado ni kisa cha kichwa. Na mimi nimejificha ndani ya kisa hicho miezi sita, nikikisimulia kila Jumanne, kwa sababu ndani yake kuna kicheko.

Kuna sehemu usiyoijua. Bwana Karajov si Mholanzi, Kaka. Ni mtu wa Asenovgrad. Aliona kichwa changu na yeye akachanganyikiwa kama mtu yeyote wa hapa. Kwa hiyo mchana ule ule, wewe ukiwa umeshakwenda kununua mkasi wa kupogolea plamu kwa furaha, aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Hakukuwa na kamera. Hakukuwa na Mholanzi. Akaniambia, "Radko, kichwa chako niachie mbali, mimi nataka maneno, kwa lugha ya mama yako. Lazar aliuona mchoro ule au hakuuona?"

Nikamtazama machoni. Viganja nikaviweka juu ya meza vionekane. Nikarudia maneno yake kwanza, kama nilivyofundishwa. Nikashusha sauti mwishoni. Nikasema aliuona. Nikasema jino lilimuuma, alikuwa anawahi kwa daktari, aliangalia juu juu akaniambia nipitishe. Hilo la jino nililiongeza mwenyewe, na lilikaa vizuri sana. Karajov aliniambia wewe mikono yako ilikuwa imekunjwa na macho yako yalikuwa chini, na mimi nilikuwa wazi kama dirisha. Alisema kwa huzuni. Alikuwa anakupenda.

Kwa nini, utaniuliza. Mimi nilikuwa nimeshafukuzwa sehemu mbili, na pale ndipo mahali pa kwanza duniani watu waliponyamaza nilipofungua mdomo. Hiyo ndiyo sababu, na nimeiandika hapa kwa sababu umeuliza kwa maandishi. Kwenye karatasi sina macho ya kukutazama wala viganja vya kukuonyesha. Ningekuja mwenyewe, ningelia, ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, na tungerudi kule kule.

Humu ndani kuna karatasi ya pili. Ni maelezo yangu kwa Bwana Karajov, yana tarehe na sahihi yangu. Nakala nyingine iko kwenye mfuko wa koti langu. Kesho nitaingia nayo ofisini, lakini sikuahidi kwamba mkono utaitoa, mimi na ahadi zangu unatujua. Ndiyo maana hii nimekutumia wewe, hii haiwezi kurudi mfukoni. Ifanyie upendavyo. Kuhusu swali lako la kum, sikujibu. Ngoja kwanza uone kama bado unauliza.

Nisalimie Bibi Stoyna, mwambie asiache kuchambua maharage kwa sababu yangu. Nisalimie Mjomba, mwambie kisa kimebadilika mwisho. Kalina, samahani kwa sauti yako kutumika hivi. Msalimie hata mbuzi, kofia nimemwachia.

Na neno la mwisho, Kaka, ambalo ndilo lililonifanya nianze barua hii mara nne. Nilipoinuka kutoka kwenye kile kiti, Karajov alinifuata. Alinifungulia mlango mwenyewe, akaushikilia, mimi nikiwa nusu ndani nusu nje. Akaniuliza tena, taratibu, "Una hakika, kijana wangu? Mtu ana miaka kumi na moja hapa." Akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko Mholanzi yeyote. Nilisikia Shangazi Veska akigonga sufuria kule chini. Mlango ulikuwa wazi.

Nikasema nina hakika.

Ni mimi mdogo wako,
Radko